Kukataa kwa Maman Kazue

Jumapili ya mwisho wa Oktoba, mwaka 2010, Maman Kazue alikataa uenyekiti mara mbili, na watu wakamwamini. Kosa lenyewe ni hilo tu. Yote yaliyoikumba nyumba ya mume wake, mzee Ngoy, kwa majuma mawili baadaye yalitoka hapo.

Ilikuwa katika ukumbi wa parokia huko Molenbeek, saa nane mchana, viti vimepangwa duara na chai iko mezani. Chama chao kinaitwa Tusaidiane. Ni chama cha wanawake wanaosema Kiswahili mjini Brussels: wengi ni Wakongo wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wachache Watanzania na Wakenya, Wakristo kwa Waislamu, na Mjapani mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao kwa miaka tisa. Kazi yao ni kumpokea mgeni kwenye stesheni ya Gare du Midi, kumsindikiza manispaa akaandikishe jina, kupika penye msiba, na kumtazama mgonjwa asiye na ndugu katika hospitali kubwa ya Jette. Kazue aliolewa na Ngoy miaka thelathini iliyopita na akajifunza Kiswahili kwa mama mkwe wake, mwanamke wa Likasi asiyependa kurudia neno. Basi naye anasema muntu na batoto, na anapokasirika anasema bon, yaani haya, kwanza kabla ya yote.

Katibu alikuwa Anaclet, mwanamume pekee chamani. Walimkubali kwa sababu mbili: anaandika Kifaransa kisicho na kosa, na hana haki ya kupiga kura. Alifungua kitabu chake, akasema miaka mitatu imetimia na uchaguzi umefika. Anne-Marie, dada yake Ngoy, hakungoja amalize. Alisimama akampendekeza wifi yake, akaketi, akarudi kwenye chai yake kama mtu aliyekwisha maliza kazi ya siku.

Kazue alisimama. Aliweka mikono mbele, akainamisha kichwa, akasema amekwisha zeeka, nguvu hana, akili imepungua, wamtafute aliye bora kumpita. Anaclet akashika kalamu juu ya karatasi asiandike. Akamuuliza mara ya pili, kwa heshima zote, kama anasema kweli.

"Hapana, Anaclet," Kazue akasema. "Siye miye. Mutafute mwingine."

Akangoja mara ya tatu. Nyumbani kwa mama yake, katika mji mdogo wa pwani kule Japani, mtu anayepokea kitu mara ya kwanza ni kama mtoto anayetia mkono sahanini kabla ya wageni. Unakataa mara moja ili aliyekupa apate nafasi ya kujirudi. Unakataa mara ya pili ili ajue umemheshimu. Anapokusukuma mara ya tatu unashusha macho na kukubali. Kazue alichaguliwa hivyo mara zote tatu zilizopita, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu asiyeijua njia hiyo.

Kumbe aliyeijua alikuwa mmoja. Bi Mwanakombo wa Tanga, mjane wa dereva wa ubalozi, alikuwa hamwachi Kazue hata amalize sentensi. Kwao nako mgeni husema ameshiba huku tumbo linanguruma, na mwenyeji mwenye akili humwekea sahani. Kila uchaguzi Mwanakombo alikuwa akisema tu, "Keti, Kazue, umeshachaguliwa," na mambo yanaisha. Safari hii Mwanakombo alikuwa Tanga kwenye harusi ya mjukuu wake. Hakuna aliyesema keti.

Watu wa Katanga, jimbo la wale Wakongo, ni watu wa kumwamini mtu anachosema. Anne-Marie aliweka kikombe chini, machozi yakamlenga, akasema ni haki yake, amewabeba vya kutosha. Mwingine akasema hata farasi hupumzishwa. Ndani ya robo saa lilitajwa jina la Pamela, Mkenya wa miaka thelathini na nane, mpanga zamu katika kampuni ya usafi, mtu wa kufika mapema na kujibu simu. Pamela alikubali mara ya kwanza, bila kuzunguka, na ukumbi ukapiga makofi. Kazue naye akapiga makofi. Alipiga hata baada ya wenzake kunyamaza.

Mzee Ngoy alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, kofia yake gotini. Hakusema neno.

•

Nyumbani, Ngoy alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Alivua viatu mlangoni, akavipanga vyema bila kuambiwa, akaanza kusema juu ya tiketi za ndege. Kwa miaka sita alikuwa anataka waende Likasi wakae miezi mitatu ya baridi, na kwa miaka sita kulikuwa na mgeni wa kungojwa, mgonjwa wa kutazamwa au maiti ya kusindikizwa. Alisema nchi hii ya Ubelgiji ina miezi minne haina serikali na taka bado zinazolewa kila Jumatatu, lakini wanawake wa Tusaidiane hawakuweza kukaa bila mwenyekiti hata robo saa. Alijichekea mwenyewe.

Kazue alikuwa anaosha mchele. Aliuosha mpaka maji yakawa safi, akaendelea kuuosha. Binti yao Graciella, aliyekuwa amekuja kula kama kila Jumapili, alimtazama mama yake mgongoni, kisha akamtazama baba yake, akauliza kama kuna kitu. Kazue akajibu hakuna kitu, wali utachelewa kidogo tu.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na alikuwa na uchungu wa mtoto aliyesahauliwa kuitwa mezani. Barabarani, vijana humwita Mchina. Kwenye mkahawa ambako wake wa wakurugenzi wa Kijapani hula pamoja, humuuliza habari za mume wake kwa adabu nyingi, kisha hurudi kwenye habari zao. Katika ukumbi ule wa Molenbeek ndipo alipokuwa mtu mwenye jina, mtu anayeitwa kwa sauti kutoka upande wa pili wa barabara: Maman Kazue, ngoja. Alikipenda kile kiti. Alikipenda sana, na hajapata kumwambia mtu yeyote, kwa sababu alidhani jambo hilo linaonekana.

•

Alhamisi Pamela alikuja kuchukua vitu vya chama. Kazue alikuwa ameviweka tayari: daftari la simu, daftari la wagonjwa, barua za manispaa, vyote vimefungwa ndani ya kitambaa cha buluu chenye fundo moja juu. Alimpa kwa mikono miwili. Pamela, aliyezoea vitu kuwekwa mezani, alishika kwa mkono mmoja, akaona, akaongeza wa pili.

Alikunywa chai, akasifu biskuti, akatoa simu yake na kueleza mpango. Hakutaka tena mtu mmoja akimbie kila mahali. Kila mwanachama atakuwa na siku yake ya hospitali na siku yake ya stesheni, na ratiba itatumwa kwa ujumbe kila Jumapili jioni. Kazue aliitazama ratiba kwenye kioo kile kidogo. Ilikuwa nzuri. Yeye mwenyewe alipaswa kuifikiria zamani. Alitafuta jina lake mara mbili na hakuliona, maana Pamela alikuwa amempa likizo ya mwaka mzima kwa kumstahi.

Pamela alipokwisha simama, koti mkononi, aligeuka.

"Mama Kazue, lazima nikuulize, be honest with me. Ulitaka kuacha kweli? Kama kuna mtu alikukwaza, au kama ulibadilisha mawazo, niambie sasa. Bado kazini sijabadilisha zamu zangu. Sitakasirika."

Mlango ulikuwa wazi hivyo, na mwanamke amesimama anaushikilia. Kazue alitabasamu. Alisema alitaka, tena kwa muda mrefu, na kwamba amefurahi sana kumpata Pamela. Pamela akamshukuru, akashuka ngazi upesi upesi, na kesho yake akabadilisha zamu zake.

Mambo ya sherehe yakaanza. Waliamua kumuaga Jumamosi ya katikati ya Novemba, kwa chakula na hotuba, na Jumatatu yake Anaclet apeleke majina mapya mahakamani, ambako vyama huandikishwa, yakaandikwe. Kila siku alimpigia simu mtu aliyekuwa na jambo la siri la kumwuliza. Anapenda rangi gani. Keki anataka ya krimu au ya chokoleti. Anne-Marie alimuuliza kwa mbali, kwa mbali sana, saizi ya mguu wake. Kazue alijibu yote, na akajitolea kukaanga samaki wa sherehe yake mwenyewe.

•

Jumatano alipanda tramu kwenda Jette kama alivyofanya kila Jumatano. Mzee Hamissi, Mtanzania asiye na mke wala mtoto hapa, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na Kazue alikuwa amempikia uji wa mchele, mwepesi, wenye chumvi kidogo na yai. Alijua kabisa kwamba kuna ratiba. Alijiambia uji si ratiba.

Alimkuta Anne-Marie ameketi kando ya kitanda, chupa ya chai iko dirishani, anamsomea mgonjwa gazeti. Anne-Marie alisimama mbio, akambusu mara tatu.

"Kazue, unafanya nini hapa?" alimuuliza kwa upole. "Leo ni siku yangu. Pamela alitutumia programme. Weye uko naumiza miguu bure, pumuzika kwanza."

Hamissi naye, kwa nia njema kabisa, alimwambia ameshastaafu na aache kuhangaika na wazee. Alikuwa amekwisha kula. Anne-Marie alimletea ndizi na nyama, na bado mdomo wa mzee ulikuwa unang'aa mafuta. Kazue alisema alikuwa anapita tu. Hakuna mtu anayepita tu ghorofa ya nne ya hospitali, lakini walimkubalia, kwa kuwa juma zima hilo kila alichokisema kilikubaliwa.

Alipokuwa anatoka, muuguzi mmoja aliyemzoea alimuuliza kama yeye ndiye wa chama, kwa sababu kuna mama mwingine chumba cha tatu asiyeeleweka lugha yake. Kazue akasema hapana, siye wa chama tena, yule aliyemo ndani ndiye. Kisha akatelemka, akaketi kwenye kituo cha tramu, akafungua chombo chake, akaunywa uji wote yeye mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Aliona aibu. Chini ya aibu kulikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa juu ya Pamela wala Anne-Marie. Mlango ulifunguliwa mara tatu, naye aliufunga mara tatu kwa mkono wake.

•

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya sherehe, simu ililia kutoka Tanga. Graciella alikuwa amewaonyesha jinsi ya kuiweka simu isikike chumba kizima, na Ngoy alipenda sana kubonyeza kile kitufe, basi akabonyeza. Bi Mwanakombo alikuwa ameambiwa habari na mtu, na hakusalimia.

"Nani aliyemwachia amalize maneno yake?" aliuliza. "Watu thelathini ukumbini, hata mmoja asimwambie keti? Nimeondoka mwezi mmoja tu. Na wewe, shemeji Ngoy, nimeambiwa ulikuwepo. Wewe ndiye ungesema, maana wewe unamjua kuliko mimi."

Mwanakombo alisema atampigia Pamela sasa hivi. Kazue alimwomba sana asimpigie, akamwapisha. Alisema jambo limekwisha na harusi iendelee salama. Mwanakombo aliguna, akaapa kwa shingo upande, simu ikakatika.

Ngoy alikuwa anaitazama simu kana kwamba itamsaidia. Kazue alikaa mbele yake.

"Bon," akasema. "Mwanakombo anasema ulijua."

"Nilijua," Ngoy akasema.

"Juu ya nini haukusema?"

Ngoy alikuwa mtu mkubwa, aliyekuwa dereva wa tramu miaka ishirini na sita. Alimkumbusha siku aliyomwomba amuoe, mwaka ule wa themanini, naye Kazue akamwambia hafai kuwa mke wa mtu, na yeye mjinga akamwamini, akahamia Liège miezi mitano mpaka rafiki wa Kazue alipomwandikia barua ya kumtukana. Tangu siku hiyo, alisema, anajua kwamba hapana ya kwanza ya Kazue ni ya salamu na ya pili ni ya heshima.

"Siku ile nilikuona umesimama, unangojea," alisema. "Nilisema mu roho, Ngoy, sema. Halafu nikafikiri Likasi. Kila mwaka kuko muntu wa kungojea ku gare, kila mwaka. Nikasema, acha bamuachilie, na miye nitamupata kidogo. Ni vile tu. Ni mubaya, najua."

Kazue hakupaza sauti. Hakuwahi kupaza sauti katika nyumba hiyo, na Ngoy mara nyingi aliomba Mungu apaze.

"Miaka makumi tatu nakufundisha namna ya kunisikia," alisema. "Ukajifunza. Halafu ukanyamaza."

Alikwenda jikoni, akatoa samaki, akaanza kuwaparua magamba. Ngoy alimfuata, akasimama mlangoni, akachukua kisu cha pili, naye akaanza kuparua, vibaya, magamba yakiruka mpaka kwenye pazia. Walifanya kazi hivyo samaki wanane hivi. Ndipo Kazue, bila kugeuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba anakitaka kile kiti. Alisema minataka. Ngoy alisimamisha kisu. Katika miaka yote alikuwa amemsikia akisema ingekuwa vizuri, na kama hamchoki, na labda siku nyingine. Neno hilo hakuwahi kulisikia kwake.

Alimwambia akaseme vilevile kesho, neno hilo hilo, mbele ya wote. Kazue akatikisa kichwa. Kusema ni kujidhalilisha, hilo angelibeba. Lakini Pamela alimuuliza uso kwa uso naye akamdanganya, na sasa amebadilisha zamu zake kazini na kununua nguo. Na wakifika Jumatatu majina yakaandikwa, hakutakuwa na la kusema tena mpaka miaka mitatu ipite, naye atakuwa na miaka sitini na miwili.

"Kwa hiyo ni kesho ao hapana," Ngoy akasema.

Kazue aliendelea na samaki wa tisa.

•

Sherehe ilifana. Wanachama wenye kura walikuwa thelathini na mmoja, wote wamevaa kitenge kimoja cha kijani, na waume na watoto walijaa ukutani. Samaki wa Kazue walisifiwa na kwisha kabla ya bukari, ugali wa kwao, kupoa. Keki ilikuwa imeandikwa Bon repos, pumziko jema, kwa krimu nyekundu, na Graciella alimnong'oneza baba yake kwamba hayo ni maneno ya kuandika makaburini. Anne-Marie alisoma hotuba, akalia katikati, akamalizia kwa kuimba. Zawadi ilikuwa blanketi la sufu na ndara za manyoya, saizi thelathini na tano, sawasawa kabisa.

Zamu ya Kazue kushukuru ilifika. Alikuwa na karatasi ya Kifaransa aliyoandikiwa na Graciella, nusu ukurasa, yenye neno merci mara sita. Aliifungua. Aliiangalia kwa muda mrefu mpaka watu wakadhani miwani imemsumbua. Kisha akaikunja.

"Mulinipendekeza, nikakatala," alisema. "Anaclet akaniuliza tena, nikakatala tena. Nilikuwa nataka. Kwetu muntu anakatala mbele, banamusukuma, halafu anakubali. Nilingojea munisukume. Hamukunisukuma, na kosa haiko yenu, munajua kusikia vile muntu anasema. Pamela alikuya mu nyumba yangu kuniuliza, nikamudanganya. Alors Pamela, unisamehe mbele ya bantu bote. Miye minataka kubakia présidente."

Mtoto mmoja ukutani aliendelea kugonga kijiko mpaka mama yake akamshika mkono. Anne-Marie alifunika mdomo kwa leso. Anaclet, maskini wa Mungu, alisafisha koo, akasema kwamba procès-verbal, karatasi ya uchaguzi ule, imekwisha sainiwa. Hakuna aliyemtazama. Wote walimtazama Pamela.

Pamela alikuwa amekasirika, na haikumpitia akilini kuficha.

"Nilikuuliza, Mama," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilisimama mlangoni kwako nikakuuliza. Nimebadilisha zamu. Nimemwambia mama yangu Kisumu, na mama yangu amewaambia Kisumu yote." Watu wawili watatu walicheka, na yeye mwenyewe uso ukamlegea kidogo. "Haya. Umesema unataka. Na mimi nataka, na sitasema sitaki ili nionekane mtu mzuri. Anaclet hajapeleka karatasi. Tupige kura, leo, hapa. Wanaonitaka mimi wainue mkono, wanaomtaka Mama Kazue wainue mkono. Atakayeshindwa atamsaidia mwenzake, na mwaka huu hakuna mtu wa kupewa likizo."

Hapo ukumbi ulipumua. Vitu vinavyopigiwa kura watu wanavijua. Anaclet alirudi kuwa mtu muhimu, akavaa miwani, akatangaza kwamba kura zikilingana aliyechaguliwa Oktoba atabaki. Akaita jina la Pamela. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Pamela mwenyewe, bila haya hata chembe, kisha vijana waliopenda ratiba yake, kisha wachache waliosema taratibu ni taratibu. Anaclet alihesabu akitembea.

"Quinze," akasema, akaandika kumi na tano.

Akaita jina la Kazue. Anne-Marie aliinua mikono yote miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Mikono ya kijani ilipanda upande wa meza, upande wa dirisha, wazee karibu wote. Anaclet alihesabu, akasimama, akarudi nyuma, akahesabu tena kwa kidole.

"Quinze," akasema tena, akakuna kichwa. "Donc kuko muntu moja hakupiga kura."

Wanawake walitazamana. Kisha mmoja mmoja wakageuka kumtazama Kazue, aliyesimama pale pale mbele ya keki, mikono yake miwili ameishikanisha chini ya tumbo kama alivyofundishwa.

Alitafuta uso wa kumsukuma. Alimtazama Anne-Marie, na Anne-Marie, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameelewa jambo kabla ya kulisema, aliuma leso akanyamaza. Alimtazama Ngoy kule nyuma. Ngoy alikuwa ameshika kofia yake kwa nguvu, midomo imebana, na hakutikisa hata kichwa. Pamela alikuwa amekunja mikono, anangoja. Hakukuwa na haraka usoni kwake, wala huruma. Kazue alijua mama yake angezimia kwa aibu. Mtu anayejichagua mwenyewe, mbele ya wageni, chakula kikiwa mezani.

Akatenganisha mikono yake. Wa kulia ulipanda mpaka begani, ukakaa hapo.

"Juu kidogo, maman," Anaclet akasema, kalamu tayari. "Nione muzuri."

Akauinua juu kabisa, kiwiko kimenyooka, mpaka mkono wa kitenge ukateremka ukaacha wazi mkono wake mweupe mwembamba wenye alama za mafuta ya samaki.

"Seize," Anaclet akasema, kumi na sita. Na wakati ukumbi unapiga kelele, Pamela ameshapita kati ya viti anakuja kumshika bega, Maman Kazue alikuwa bado ameushikilia mkono wake juu, anaitazama kalamu, mpaka alipoona imeandikwa.